Pingamizi la Saa Kumi na Moja

Bi Mwanaarabu aligundua kuwa ameibiwa siku yenyewe ya mwisho, Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi, akiwa ameketi kitandani na kikombe cha chai mkononi. Mlango haukuvunjwa wala hakuna kijiko kilichopotea. Binti ami yake Afra, anayekaa nyumba ya pili, aliingia mbio hata buibui hajalivua, akasema kuwa jana kwenye posa ya watu alikutana na mwanamke aliyepeleka pingamizi lake la ardhi kwa kompyuta. Limepokelewa bila taabu yoyote.

"Tovuti yafunguka, Mwana," Afra alisema huku akihema. "Yafunguka siku zote. Haikufungwa hata siku moya."

Chai ilimwagikia shuka na hakuna aliyeishughulikia. Kwa siku kumi na tatu Bi Mwanaarabu alikuwa akiambiwa kuwa tovuti hiyo imeharibika kwa nchi nzima na kwamba muda utaongezwa, na yeye akaamini. Muda haukuongezwa. Pingamizi lake lilitakiwa lifike kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku ile ile. Lisipofika, nyumba aliyoolewa ndani yake miaka thelathini na moja iliyopita ingeandikwa jina la mfanyabiashara mmoja aitwaye Amjad, aliyezuka na karatasi inayodai kuwa marehemu mumewe, Bwana Shekhan, alimuuzia kabla hajafa.

Basi akaitwa Khairiya.

Khairiya Husni alikuwa fundi wa kompyuta wa mtaa wa Langoni, mwenye miaka thelathini na sita, mkoba wa bisibisi begani na subira isiyozidi kijiko cha chai. Kazi hakuikosa, kwa sababu katika nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani fundi mwanamume huishia dakani, kwenye mabaraza ya mlangoni, na mashine mbovu ikiwa ndani itabidi ibebwe itolewe. Khairiya hubisha hodi, huvua viatu na huingia mpaka chumba cha mwisho. Humo ndani amesikia mara elfu kwamba mashine imejiharibu yenyewe, na mpaka leo hajakutana na hata moja iliyofanya hivyo.

Alifika saa tatu na robo. Bi Mwanaarabu alikuwa katika siku ya sabini na nane ya eda yake. Mjane wa eda hatoki nje ya nyumba yake, hajipambi, wala hakutani na mwanamume asiye maharimu wake. Simu yake ilikuwa ya kubonyeza, ya kupiga na kupokea tu. Dirisha lake pekee la kuongea na serikali lilikuwa laptopu kuukuu ya marehemu, yenye betri iliyokufa, iliyowekwa juu ya meza ndogo pembeni mwa kitanda. Kuta za nyumba zile za mawe zina unene wa dhiraa nzima na wi-fi haizipenyi, kwa hiyo marehemu alivuta waya mrefu kutoka kwenye kisanduku cha intaneti kilichoko tekani, ukumbi mdogo wa mlangoni, mpaka chumbani.

"Ilianza lini kutofunguka?" Khairiya aliuliza akiwa ameshaketi mbele ya mashine.

"Ijumaa, siku iliyofuata khitma ya Bwana. Kabla ya hapo ilikuwa yafunguka. Nalijiandikisha mwenyewe, nikatia jina na kitambulisho. Yalibaki mambo mawili matatu tu, nikasema nitamaliza baada ya khitma. Wake sitini walikaa humu wakisoma, Khairiya. Hata kitanda tulikitoa, tukatandika mikeka ukuta hadi ukuta. Ningeketi wapi kubonyeza mashine?"

"Na tovuti nyingine?"

"Zote zafungua. Mawaidha yafungua, habari zafungua. Hiyo moya tu."

Khairiya alijaribu. Tovuti ya habari ilifunguka, ya mapishi ikafunguka. Ya ardhi ilisokota duara lake, ikasokota, kisha ikaandika kuwa mahali hapo hapapatikani. Akaitafuta kwenye simu yake mwenyewe kwa bando lake, ikafunguka kabla hajakohoa.

Tovuti iliyozama huzama kwa wote. Hii ilikuwa imezama kwa mwanamke mmoja tu, ndani ya chumba kimoja.

"Siwezi kuituma kwa simu yako?" Afra aliuliza.

"Akaunti imefungwa kwenye mashine iliyojiandikishia. Ni hii au hakuna."

Aliingia kwenye mipangilio ya mtandao, akafungua upande wa waya, akateremka mpaka mahali palipoandikwa DNS. Palipaswa kuwa pamewekwa kujiendesha penyewe. Badala yake palikuwa na safu mbili za namba zilizoandikwa kwa mkono.

"Nini hizo?" Bi Mwanaarabu aliuliza, akisogea mpaka pumzi yake ikamgusa Khairiya shavuni.

"Mashine haijui majina ya tovuti, Bi. Inajua namba. Ukiiambia nipeleke kwa fulani, kwanza inamwuliza mwelekezi: fulani anakaa namba gani? Ni kama mgeni anayeuliza nyumba hapo kona ya msikiti. Kawaida mwelekezi huwa yule wa kampuni ya intaneti. Hapa mtu amemwondoa akaweka wake. Na wake huyu nimemtambua, ni wa huduma ya kuchuja, ile ambayo wazazi huwazuilia watoto mambo ya upuuzi. Unafungua akaunti, unaandika tovuti usiyoitaka, na mashine ikiuliza njia inaambiwa hakuna mahali kama hapo."

"Kwa hiyo mtu..."

"Mtu alikaa mbele ya mashine hii akaandika namba hizi kwa vidole vyake. Hazijiandiki."

Hapo hofu ya Bi Mwanaarabu iligeuka sura. Mpaka dakika ile alikuwa akiogopa saa. Sasa alianza kuogopa watu wake.

Khairiya alizipiga picha zile namba kabla ya kugusa chochote, akaandika na saa kwenye daftari: tatu na dakika arubaini. Ndipo akazifuta, akarudisha mpangilio wa kujiendesha, akasafisha kumbukumbu ya anwani za zamani, akaizima mashine na kuiwasha tena. Saa nne kasoro dakika tano tovuti ilifunguka, na jina la Bi Mwanaarabu likatokea juu yake.

Afra alipiga kigelegele kifupi. Khairiya hakupiga. Alikuwa ameshasoma sehemu ya mwisho ya fomu.

"Bi Mwanaarabu, hapa wanataka mthibitishaji. Jamaa wa damu wa marehemu, mmoja tu. Namba yake ikiingia, anapelekewa ujumbe. Akikubali, pingamizi limesimama. Akikataa, au asipojibu kabla ya saa kumi na moja, limefungwa na halifunguliwi tena. Na ukishaituma, kubadilisha hakuna. Jamaa wa damu waliobaki ni nani?"

"Wawili. Khatib, mwanawe wa mke wa kwanza, yuko Kizingitini, auza kamba wa baharini. Na Fahmi, mwana wa nduye Bwana."

"Basi mmoja wa hao huenda ndiye aliyeandika namba. Tukimpelekea yeye, tumemkabidhi kisu."

Bi Mwanaarabu hakuhitaji kufikiri. Jibu alikuwa nalo miaka mingi, lilikuwa likingoja swali tu.

"Ni Khatib! Tangu jeneza litoke mlango ule, mwanamume aliyengia chumba hiki ni Khatib peke yake. Yeye ni mwana wa mume wangu, ni maharimu yangu. Fahmi hapiti daka, hatuna umaharimu mimi naye. Khatib alikuya kwa khitma, akalala Alhamisi, na baada ya Isha alikaa papo hapo ulipokaa wewe. Ijumaa asubuhi tovuti haifunguki! Wataka nini tena?"

Kabla Khairiya hajasema ngoja, simu ilikuwa imeshapigwa na kupokelewa.

"Bi Mwanaarabu," ilisema sauti nzito, na nyuma yake kelele za watu na mizani. "Nimeweka simu sauti ya yuu, mikono ina mai ya kamba. Watu wasikia."

"Na wasikie! Wasikie Kizingitini nzima! Wewe ni mwizi, Khatib. Mwizi wa nyumba ya babako! Kakufa juzi, wewe waniuza kwa Amjad!"

Kelele za nyuma zilikatika ghafla. Khairiya alimpokonya simu kwa adabu aliyoweza kuipata, akajitambulisha haraka.

"Bwana Khatib, niwie radhi. Nakuuliza moja tu: mashine ya chumbani uliigusa?"

"Nimeigusa. Alhamisi, baada ya Isha. Nalimtumia mteja wa Malindi picha za kamba. Kosa?"

"Mchana wa khitma ulikuwa wapi?"

"Msikitini, mbele ya imamu, nikimsomea babangu. Kisha nikagawa kahawa kwa watu mia, peke yangu, maana wa kunisaidia sikumwona. Waulize hao watu mia. Na huyo Bi, mwambie miaka thelathini aniita kila jina. Hilo la leo ni jipya." Simu ikakatwa.

Khairiya alibaki ameishika. Mtu aliyekosa hujitetea kwa maneno mengi, na huyu alikuwa mchache wa maneno. Lakini uchache wa maneno si ushahidi, na yeye mwenyewe amekiri kuwa aliketi kwenye mashine.

Saa nne na nusu alimpigia Fahmi. Huyu anapokea wageni kwenye nyumba ya kulala wageni huko Shela, na sauti yake ilikuwa laini kama anakupa ufunguo wa chumba.

"Dada Khairiya! Alhamdulillahi, kumbe imefunguka? Mimi nilipiga simu ofisini mara tatu, nikaambiwa mfumo uko chini na wataongeza siku. Labda umerudi leo."

"Siku ya khitma ulikuwa wapi mchana?"

"Msikitini, tangu Alasiri mpaka Magharibi. Na kama unauliza habari za humo ndani, dada yangu, mimi chumba cha Bi hata rangi ya kuta siijui. Tia namba yangu, nitathibitisha papo hapo. Si nyumba ya ami yangu?"

Lilikuwa jibu safi. Mwanamume asiyepita daka hawezi kugusa mashine iliyoko kitandani mwa mjane. Bi Mwanaarabu alimtazama Khairiya kwa macho ya *nalikwambia*.

Wakaanza kujaza. Fomu ilitaka picha ya hati, na Afra akaitoa sandukuni: karatasi ya wakfu ya marehemu babu yao Khatib na Fahmi, iliyokunjwa mara nne, maandishi ya Kiarabu upande mmoja na tafsiri ya kadhi upande wa pili. Khairiya aliisoma yote, maana hupenda kujua anachokipiga picha, kisha akaisoma tena sehemu moja na kumtazama Bi Mwanaarabu. Saa ilikuwa inakimbia. Saa sita kasorobo ilibaki namba ya mthibitishaji tu. Alikuwa ameandika tarakimu saba za Fahmi stima ilipopotea.

Betri ilikuwa imekufa, na mashine ikafa nayo.

Ulipita muda ambao Khairiya hataki kuukumbuka. Mtaa mzima ulikuwa umezima. Saa sita na nusu. Saa saba. Waliswali Adhuhuri, na Bi Mwanaarabu alikaa katika sijida ya mwisho mpaka Afra akamgusa bega kwa kuhofia. Alipoinuka alianza kuuliza, kwa sauti ndogo isiyomwelekea mtu, mjane aliyetolewa nyumbani humalizia wapi eda yake. Khairiya alihesabu kichwani majenereta ya Mkomani na wenyewe anaowajua, akampigia wa kwanza, hakupokea, akampigia wa pili, akaambiwa limekwenda kupakwa rangi.

Stima ilirudi saa nane na dakika ishirini.

Fomu ilikuwa imehifadhiwa, isipokuwa namba ya simu. Kabla ya kuiandika upya, Khairiya alirudi kwenye mipangilio kuhakikisha kuwa kuzimika hakukurudisha namba za mwizi. Upande wa waya ulikuwa salama. Kwa mazoea akafungua na upande wa wi-fi, ambao asubuhi, kwa haraka, hakuuangalia.

Namba zilikuwapo. Safu zile zile mbili.

Alikaa akizitazama. Wi-fi haifiki chumba hiki. Haijawahi kufika, ndiyo maana marehemu alivuta waya. Mtu aliyekaa hapa kitandani asingekuwa na sababu ya kubadilisha kitu kisichofanya kazi hapa. Aliyebadilisha pande zote mbili alikuwa mahali ambapo wi-fi inashika, akaharibu kwanza ile iliyokuwa ikitumika mbele yake, kisha akaharibu na ya waya kwa ajili ya baadaye. Akafungua kumbukumbu za kuungana. Mashine ilijiunga na wi-fi ya nyumba mara moja tu tangu mwaka uanze: Alhamisi ya khitma, saa kumi na dakika nne alasiri. Ikaachana nayo saa kumi na dakika thelathini na moja.

Asubuhi yote walikuwa wakihesabu nani aliingia chumbani. Hakuna aliyeuliza kama mashine ilitoka.

"Bi Afra," alisema polepole. "Siku ya khitma mlitoa kitanda. Na meza je? Na mashine hii?"

"Tulitoa vyote, mwanangu. Wake wangeikalia. Naliichukua mwenyewe na waya wake wa stima mpaka kwenye pazia la mlango, nikampa mtu aiweke tekani."

"Wanaume wote si walikuwa msikitini?"

"Wote ila yeye. Alisema abaki kulinda masufuria. Alinirudishia yeye mwenyewe kabla ya Magharibi."

"Nani?"

Afra alitaja jina. Bi Mwanaarabu akaweka kiganja mdomoni.

"Sasa mpigie," Khairiya alimwambia Bi, "umwambie aje dakani athibitishe kwa mkono wake. Sitii namba ya yeyote mpaka nimsikie kwa kinywa chake. Na usilie, tafadhali. Lia baadaye."

Fahmi alifika saa tisa na nusu, kanzu imepigwa pasi, simu tayari mkononi. Aliketi kwenye baraza la daka. Bi Mwanaarabu alikaa upande wa ndani wa pazia, asionekane. Khairiya alisimama kizingitini, katikati yao, laptopu kaiacha chumbani ikiwa imewashwa.

"Ujumbe haujafika, dada," Fahmi alisema akitabasamu.

"Utafika. Kwanza nisaidie jambo. Siku ya khitma kahawa ya msikitini aligawa nani?"

"Tuligawa... mimi na Khatib."

"Khatib anasema aligawa peke yake, na aliyekuwa amsaidie hakumwona. Watu mia wamekunywa kahawa hiyo, Fahmi. Niwaulize?"

Tabasamu lilibaki usoni lakini macho yaliliacha. "Labda nilichelewa kidogo. Nilikuwa hapa nalinda masufuria."

"Kutoka Alasiri mpaka Magharibi ulikuwa msikitini, ndivyo ulivyoniambia. Sasa ulikuwa hapa. Vizuri. Hapa, tekani, hatua nne kutoka unapokaa, kuna kisanduku cha intaneti. Saa kumi na dakika nne mashine ya Bi iliungana nacho bila waya. Ilikuwa mikononi mwa nani?"

"Mimi sijaingia chumbani mwa Bi! Wallahi sijaingia!"

"Ndiyo, hukuingia. Uliletewa. Afra alikupa kwenye pazia hili, na yuko nyuma yangu, ukitaka umsikie."

"Ni mimi, Fahmi," Afra alisema ndani. "Nalikupa kwa mikono miwili."

Mtaani alipita punda na mzigo wa matofali, na mwenye punda akatoa salamu. Wote wakaitikia, kwa sababu salamu haikosi jibu hata dunia ikiungua.

"Swali la mwisho," Khairiya alisema punda alipopita. "Ujumbe ukifika kwenye simu hiyo, kidole chako kingekwenda wapi? Kukubali au kukataa?"

Fahmi aliitazama simu, kisha akaiweka chini juu ya baraza, kifudifudi.

"Babangu kazaliwa nyumba hii," alisema hatimaye, akizungumza na pazia. "Mimi nimezaliwa chumba cha kupanga, na babangu kafia chumba cha kupanga. Ami Shekhan akikaa yuu na tini, vyumba vingine vimefungwa, vina popo. Siku za Idi tukija, tulikuwa twala hapa dakani kisha twaondoka. Hapana aliyetuambia ingieni. Amjad aliniahidi ghorofa ya yuu, yangu mimi na wanangu, nikishuhudia ile karatasi ya mauzo na nikihakikisha pingamizi halifiki. Nalijua hamtoki, Bi. Nalijua hamna simu ya maana, na mtaniuliza mimi. Hiyo tu. Sikutaka mdhurike."

"Ningedhurika wapi zaidi ya hapo?" Bi Mwanaarabu alisema. "Ningetolewa na mito yangu ndani ya eda, Fahmi!"

Khairiya akafungua kwenye simu yake ile picha ya hati, akaisoma kwa sauti kama alivyoikuta kwenye tafsiri ya kadhi: nyumba ni wakfu, haiuzwi wala hairithiwi, ni makao ya watoto wa mwenye kuweka wakfu na watoto wa watoto wake maadamu wapo, na ya wajane wao maadamu hawajaolewa tena.

"Watoto wa watoto wake," alirudia. "Wewe umo humu, Fahmi. Haki ya kukaa unayo tangu ulipozaliwa. Ulichokuwa ukimsaidia Amjad kukinyakua kilikuwa chako."

Fahmi akauliza swali ambalo lilimchoma Khairiya kuliko kosa lake lote.

"Mbona sikuambiwa?"

Bi Mwanaarabu aliijua hati ile. Ilikuwa kwenye sanduku lake, chini ya kanga zake, miaka thelathini na moja. Khairiya alingoja aone kama atasema neno, na alipoona hasemi, akaangalia saa. Kumi na dakika kumi na tano.

"Siku ya kesi utakwenda mwenyewe kueleza ile karatasi ilivyotengenezwa," alimwambia Fahmi. "Namba nimezipiga picha, saa ninazo. Usiponitangulia, nitakutangulia."

Fahmi alitikisa kichwa kukubali. Hakuondoka. Alibaki ameketi pale pale, mgongo ukutani.

Chumbani, Khairiya aliandika namba ya Khatib, akasoma tarakimu moja moja kwa sauti, akabonyeza kutuma. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na mbili. Kwenye skrini kikatokea kiduara cha manjano: *Inasubiri mthibitishaji.*

"Sasa mpigie," alisema.

"Mimi?"

"Ulimwita mwizi mbele ya mizani, Bi. Nani mwingine?"

Alipiga mara ya kwanza, haikupokelewa. Mara ya pili, haikupokelewa. Bi Mwanaarabu alikuwa ameshika kingo za meza. Saa kumi na dakika thelathini na nane Khatib alipokea, hakusema hata salamu, na ule mvumo wa watu na maji ulisikika nyuma yake kama asubuhi.

"Khatib," alisema. "Ni mimi. Nimekukosea."

Upande wa pili mizani iligonga.

"Si wewe. Ni Fahmi, kakiri mwenyewe. Na mimi sikukuuliza, nalikuhukumu tu. Sikukuhukumu leo peke yake." Aliachia kingo za meza. "Ulipokuya nyumba hii na miaka kumi, umefiwa na mamako, nalikutengea sahani yako mbali na yangu. Siyui kwa nini. Nalikuwa mtoto na mimi, na nalikuogopa kwa kuwa wafanana na mamako. Babako hakuyua, nawe hukumwambia. Kila mwaka nikangoja umwambie."

Wakati huo ndipo kile kiduara kilipogeuka kijani.

Khairiya alikiona. *Pingamizi limethibitishwa na kupokelewa*, saa kumi na dakika arubaini na moja. Alifungua mdomo apige ukelele, kisha akamtazama Bi Mwanaarabu, aliyekuwa amefumba macho na simu kaibana sikioni kwa mikono miwili, na akaufunga. Akanyoosha mkono akaigeuza laptopu taratibu, uso wake ukatazama ukutani.

"...na watu walionisikia asubuhi," Bi alikuwa akiendelea, machozi yakimtiririka bila kuyafuta, "kama wako hapo, watilie sauti ya yuu. Nataka wasikie na hili."

"Wako," Khatib alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Sauti iko yuu tangu ulipoanza."

"Basi enyi watu wa Kizingitini, mimi Mwanaarabu nimesema uwongo. Huyu si mwizi. Mwana wa mume wangu ni mtu mwema, na naliyua hivyo siku zote. Khatib, saa yanipita. Sikulazimishi. Kama hutaki kunithibitishia, nitafahamu."

Mzee mmoja huko mbali alisema "Allahu akbar", na mtu mwingine akamnyamazisha.

"Nimekwisha kukuthibitishia, Bi Mwanaarabu," Khatib alisema. "Dakika mbili zilizopita. Sikukwambia kwa sababu nalitaka uendelee."